Dirisha la Kamera: Kwa Nini Picha Humchukua Huyu na Kumwacha Yule

 Leo nataka kuwasimulia habari za chombo ambacho karibu kila mtu amekiona, na wengi wenu mmekaa mbele yake mkiwa mmevaa nguo safi na kukaza macho. Chombo hicho ni kamera. Sitaeleza jinsi ya kuinunua wala namna ya kuitengeneza. Nataka tuulize swali moja tu, ambalo kwanza laonekana dogo: kwa nini picha huwachukua watu hawa na kuwaacha wale, na hali wote walikuwapo?

Swali hili niliulizwa na mama mmoja, nami sikuweza kumjibu. Yapata miaka ishirini iliyopita, tulipomaliza masomo ya ualimu, aliletwa mpiga picha ili atupige picha ya ukumbusho. Tukapangwa uani kwa safu tatu, watu 12 katika kila safu, bega kwa bega. Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi tena, hata mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko. Akatazama katika kamera yake, akainua mkono, akasema, "Vema, wote mmo." Akabonyeza. Juma la pili zikaletwa picha nzuri, kubwa, za inchi 8 kwa 10. Lakini tulipozitazama tukaona kwamba watu wa pembeni wamekatwa. Upande wa kushoto, mwenzetu mmoja alionekana bega na kiwiko tu.

Kijana huyo alifariki mwaka uliofuata, kabla hajatimiza mwaka mmoja wa kufundisha. Mama yake akaja kwangu kuomba picha, maana alisikia ya kuwa tulipigwa pamoja. Nikampa yangu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, mwanangu alikuwapo, au hakuwapo?" Nikamwambia alikuwapo. Akasema, "Basi mbona kamera haikumwona?"

Jibu la swali hilo nalijua sasa. Lakini ili mlielewe sawasawa, yafaa kwanza tufahamu jinsi kamera inavyoona, na tena tujue ni nani waliokata vipimo vyake.

Simama chumbani mwako mbele ya dirisha. Ukilikaribia, utauona mwembe, na kisima, na njia yote iendayo sokoni. Sasa rudi nyuma hatua tano. Dirisha ni lile lile, lakini kisima na njia vimepotea. Umebaki mwembe peke yake. Tena, kama fundi angekuja akabomoa ukuta na kulipanua dirisha, ungekiona kisima bila kusogea hata hatua moja. Basi upana wa mambo uyaonayo hutawaliwa na vitu viwili: upana wa dirisha, na umbali wa jicho kutoka dirishani.

Kamera ni hivyo hivyo. Lenzi, yaani kile kioo cha mbele, ni mfano wa jicho; filimu ni mfano wa dirisha. Tofauti yake ni kwamba katika kamera dirisha liko nyuma ya jicho, na kwa sababu hiyo picha huanguka juu ya filimu kichwa chini miguu juu. Umbali kutoka lenzi mpaka filimu, wakati kamera inapotazama vitu vya mbali, wanafunzi wa sayansi huuita urefu wa fokasi. Mimi nitauita urefu wa lenzi, ili tusichoshane. Lenzi fupi ni kama mtu aliyekaribia dirisha: huona kwa upana. Lenzi ndefu ni kama mtu aliyesimama mbali na dirisha: huona sehemu ndogo, lakini huiona kubwa.

Mfano wangu wa chumba sikuutunga bure. Neno kamera lenyewe limetoka katika Kilatini, na maana yake ni chumba. Tangu zamani wataalamu walijua kwamba chumba chenye giza, kikiwa na tundu dogo ukutani, hupokea mfano wa vitu vilivyoko nje. Ibn al-Haytham, mtaalamu aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Misri yapata mwaka 1040, alichunguza kwa njia ya tundu dogo umbo la jua linapopatwa. Mwaka 1568 Daniele Barbaro wa Venice aliandika kwamba tundu likitiwa kioo kilichobinuka, picha itakuwa safi zaidi. Lakini picha hizo zilikuwa kama kivuli: nuru ikiondoka, nazo huondoka.

Mtu wa kwanza kukishika kivuli hicho kisikimbie alikuwa Mfaransa, Nicéphore Niépce. Mwaka 1826 au 1827, katika nyumba yake huko Saint-Loup-de-Varennes, aliweka kamera dirishani akaielekeza uani. Ndani yake aliweka bamba la madini lililopakwa lami ya namna ya pekee, ukubwa wake yapata sentimita 16 kwa 20. Nuru ilifanya kazi kwa saa nyingi sana. Mwishowe yakaonekana mapaa ya nyumba na sehemu ya ua, kwa hafifu. Bamba hilo lipo hata leo, limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani. Basi picha ya kale kuliko zote tulizo nazo za kamera ni picha ya mambo yaonekanayo dirishani.

Mwaka 1839 njia ya Mfaransa mwingine, Louis Daguerre, ilitangazwa kwa watu wote. Yeye alitumia mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Bamba zima lilikuwa la inchi 6 na nusu kwa 8 na nusu, na wapiga picha waliotaka kupunguza gharama walitumia nusu bamba au robo. Hapo ndipo ilipoanza desturi ya kuitaja picha kwa kipimo cha kitu kinachoipokea. Siku zile watu hawakukuza picha kama tufanyavyo sasa. Aliyetaka picha kubwa alibeba bamba kubwa, na kamera kubwa kama sanduku la nguo.

Sasa tutazame upande wa lenzi. Lenzi za kwanza zilipitisha nuru kidogo, na mwenye kupigwa picha alilazimika kukaa kimya dakika nyingi bila kutikisika. Mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Vienna, alipiga hesabu za lenzi mpya iliyopitisha nuru zaidi ya mara kumi. Fundi Voigtländer akaitengeneza. Watu wakaweza kukaa kwa muda mfupi tu, na kazi ya kupiga picha za nyuso ikaenea upesi. Walakini lenzi hiyo ilikuwa na upungufu wake: katikati iliona vizuri sana, bali pembeni ilikuwa na ukungu. Iliwafaa watu wa kukaa mmoja mmoja. Kwa safu ndefu ya watu haikufaa.

Wengine wakatafuta njia ya kuona kwa upana. Mwaka 1859 Mwingereza Thomas Sutton alitengeneza lenzi ya ajabu: vioo vilivyounganishwa kama tufe, na ndani yake maji. Lenzi hiyo iliona upana wa nyuzi 120, yaani theluthi moja ya duara zima. Lakini tazama gharama yake: kwa kuwa picha ilianguka katika mviringo, hata bamba la kupokea picha lilipasa kuwa la kioo kilichopindwa! Si ajabu kwamba haikuenea. Katika mambo ya kamera hupati upana bure; ukiongeza hapa, utalipa pale.

Tena akaja George Eastman, Mmarekani wa mji wa Rochester. Mwaka 1888 aliuza kamera ndogo aliyoiita Kodak, yenye utepe wa kuviringishwa badala ya mabamba. Mtu alipiga picha 100, kisha akairudisha kamera kiwandani, nao wakazisafisha picha na kutia utepe mwingine. Kamera hiyo haikuwa na mahali pa kuchungulia. Juu yake ilichorwa mistari miwili iliyoachana kama ncha za panda ya manati, nayo ilimwonyesha mtu upana ambao lenzi itaona. Picha zake zilikuwa za duara, maana duara lile lilificha pembe ambazo lenzi haikuziona vizuri. Mwaka 1900 Eastman akaleta kamera ya Brownie, bei yake dola moja, hata watoto wakaweza kupiga picha.

Na sasa nawafikisha kwa mtu ambaye kazi yake yatutawala mpaka leo, ingawa wachache wamjua. Jina lake William Kennedy Laurie Dickson. Alikuwa fundi katika karakana ya Thomas Edison huko Marekani, akitafuta namna ya kuonyesha picha zinazotembea, ambazo sisi twaziita sinema. Alipata kwa Eastman utepe wa seluloidi wenye upana wa milimita 70. Yeye akaupasua katikati, kama mshonaji apasuavyo kitambaa, asipoteze kitu. Kila nusu ikawa milimita 35. Kufikia mwaka 1892 alikuwa ameutoboa matundu pande zote mbili ili meno ya mashine yaushike, na kila picha ikapewa matundu manne. Ukitoa nafasi ya matundu, picha ilibaki na upana wa milimita 24 na kimo cha milimita 18. Watengenezaji wengine wa sinema wakaufuata utepe huo, na mwaka 1909 wakapatana kwamba ndio utakaokuwa kipimo cha wote.

Miaka ile katika mji wa Wetzlar, Ujerumani, palikuwa na fundi aitwaye Oskar Barnack, katika kiwanda cha Ernst Leitz kilichotengeneza hadubini. Barnack alipenda kutembea milimani na kupiga picha, lakini alikuwa na ugonjwa wa pumu, na kamera za mabamba zilimlemea. Akafikiri: kwa nini nibebe dirisha kubwa? Afadhali nibebe dirisha dogo, na picha niikuze baadaye nyumbani. Akachukua utepe wa sinema. Lakini katika sinema utepe hushuka kutoka juu kwenda chini. Barnack akaulaza upite kwa upande, akachukua nafasi ya picha mbili za sinema kuwa picha moja. Ndiyo asili ya kipimo cha milimita 24 kwa 36. Kamera yake ya kwanza aliiunda kabla ya Vita Kuu ya 1914, na mwaka 1925 kiwanda kikaanza kuiuza kwa jina la Leica. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 50.

Kamera hiyo ilitia mfukoni kazi iliyohitaji mchukuzi. Viwanda vingi vikafuata, na kipimo cha 24 kwa 36 kikaenea duniani kote. Hata mpiga picha wetu aliyeegemea ukuta wa jiko alikuwa na kamera ya kipimo hicho, na lenzi yake ilikuwa ya milimita 50, maana ndiyo iliyouzwa pamoja na kamera.

Basi na turudi uani. Nilipokuwa mwaka wa nne wa kufundisha, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi somo la lenzi. Kanuni yenyewe ni nyepesi: chukua umbali uliopo kati ya kamera na watu, zidisha kwa upana wa filimu, kisha gawanya kwa urefu wa lenzi. Nikatafuta mfano wa kuandika ubaoni, nikaukumbuka uani ule. Kutoka ukuta wa jiko mpaka safu yetu palikuwa mita 9. Zidisha kwa 36, gawanya kwa 50: wapata mita 6 na sentimita 48. Watu 12, kila mmoja nusu mita, ni mita 6. Nikasimama na chaki mkononi. Hesabu ilisema kwamba tulienea wote, na nafasi ikabaki. Mpiga picha hakusema uongo aliposema, "Wote mmo."

Kama tulikuwamo katika filimu, ni nani aliyetukata? Nikachukua ile picha, nikaipima. Ilikuwa inchi 8 kwa 10. Kipimo hicho cha karatasi kimerithiwa kutoka katika kamera kubwa za zamani, zilizotumia mabamba ya inchi 4 kwa 5 na 8 kwa 10. Umbo lake ni la kukaribia mraba. Bali filimu ya Barnack, iliyozaliwa na picha mbili za sinema zilizoungana, ni ndefu zaidi kwa upana. Ili karatasi ile ijae bila kubaki ukingo mweupe, msafishaji picha hana budi kutumia milimita 30 tu katika zile 36. Fanyeni hesabu nami: mita 9 mara 30, gawanya kwa 50, ni mita 5 na sentimita 40. Sentimita 60 zilikuwa zimepotea kutoka safu yetu ya mita 6, yaani 30 kila upande. Mtu wa mwisho ana nusu mita. Ukimwondolea sentimita 30, hubaki bega na kiwiko.

Jumamosi nilipanda basi nikaenda kumtafuta mpiga picha yule. Alikuwa amezeeka, macho yamepungua nguvu, lakini filimu zake alizitunza katika makopo ya biskuti, kila kopo na mwaka wake. Tukatafuta mpaka adhuhuri. Nikainua kipande cha utepe kuelekea mlangoni penye nuru. Katika filimu weusi huonekana weupe na weupe weusi, lakini sura ya mtu umjuaye hufahamika. Alikuwapo, ukingoni mwa safu, amesimama wima, mkono mmoja ameuweka begani mwa jirani yake. Tuliisafisha picha nzima, tukaacha ukingo mweupe juu na chini, nami nikaipeleka kwa mama. Sikumweleza habari za Dickson wala za Barnack. Nilimwambia tu, "Mama, kamera ilimwona. Karatasi ndiyo iliyomkata."

Huenda msikilizaji mmoja akauliza: je, kama ukuta wa jiko ungekuwa karibu zaidi, mita 7 tu? Hapo watu 12 wasingeenea hata katika filimu. Njia zingekuwa mbili. Ya kwanza ni lenzi fupi zaidi: kwa lenzi ya milimita 35 upana ungekuwa mita 7 na sentimita 20. Ya pili ni dirisha pana zaidi. Kuna kamera za filimu pana, kama Rolleiflex iliyotengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1929 na Hasselblad ya Sweden ya mwaka 1948, ambazo picha yake ni mraba wa yapata milimita 56. Kamera ya namna hiyo yenye lenzi ya milimita 50 ingeona mita 7 na sentimita 84. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Lenzi hii ni ya milimita 80, nayo huona kwa wembamba," mwulize kwanza: juu ya filimu gani? Milimita 80 ni lenzi ndefu kwa Leica, lakini kwa Hasselblad ni ya kawaida, na kwa kamera ya inchi 4 kwa 5 ni fupi kabisa. Lakini msidhani kwamba lenzi yoyote yaweza kuwekwa juu ya filimu yoyote. Kila lenzi humwaga duara lake la nuru, na duara likiwa dogo kuliko filimu, pembe za picha zitakuwa nyeusi.

Siku hizi watu wengi wameacha filimu. Ndani ya kamera na simu za mkononi kuna kibamba kidogo kipokeacho nuru, kiitwacho kihisi. Lakini sheria ya dirisha haikubadilika. Kamera nyingi za sasa zina kihisi chenye upana wa karibu milimita 24 badala ya 36. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa juu yake huona theluthi mbili tu ya upana iliouona zamani. Kihisi cha simu ni kidogo zaidi sana, na kwa hiyo lenzi yake ni ya milimita chache tu. Walakini wenye viwanda, wakitaka kueleza upana wake, hutumia kipimo cha Barnack: husema simu hii yaona kama lenzi ya milimita 26 ionavyo juu ya filimu ya 24 kwa 36. Utepe alioupasua Dickson karne iliyopita na zaidi bado ndio futi ya kupimia.

Na wanafunzi mnaosikiliza, msije mkasahau dirisha la pili. Simu nyingi hupiga picha yenye umbo moja, na anayeichapa au kuituma huikata kwa umbo jingine. Picha ya arusi, ya mazishi, ya ubatizo, ya mkutano wa kijiji, kila moja hupita katika madirisha mawili kabla haijafika ukutani. Kabla hamjaipeleka kuchapwa, tazameni ni nani aliyesimama ukingoni, na mwambieni mchapaji aache ukingo mweupe. Kipande cha karatasi kisicho na kitu ni gharama ndogo kuliko mtu.